Huruma ya Kidoti kwa Mwanafunzi

Kila jioni, baada ya kufagia vipande vya vitambaa, Kidoti huketi mbele ya kompyuta ya shangazi yake, fundi cherehani. Humo mna msaidizi wa akili mnemba anayechora namna ya kukata nguo. Shangazi amempa jina la Mwanafunzi kwa kuwa hachoki kuuliza.

"Wateja wamejaribu nguo. Leo nimekosea wapi?" huuliza. Akijibiwa, hulitafakari kosa lake, kisha hueleza atakachobadilisha.

Kazi ya kumjibu ni ya Kidoti, na Kidoti ana moyo laini kupita kiasi. Mteja mmoja alipolalamika kwamba gauni linambana makwapani, Shangazi alilifumua akalirekebisha. Jioni Kidoti akamwonea Mwanafunzi huruma, maana maskini alikuwa amekosolewa wiki nzima. Akamwandikia, "Hukukosea popote." Siku zilizofuata akamjibu vilevile.

Ikafika zamu ya gauni la harusi la dada yake Kidoti. Harusi ilikuwa kesho yake. Dada alilivaa, akainua mikono, mshono wa kwapani ukaachia. Machozi yakamtoka.

"Shangazi, kesho nitawakumbatiaje watu?"

Shangazi alishika kiuno. "Mbona ni kosa lilelile? Kidoti, si ulimwambia Mwanafunzi?"

Kidoti alitazama chini. "Sikumwambia. Nilimwonea huruma, nikasema yuko sawa."

Shangazi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. "Mtoto una vituko wewe. Haya, kaa umweleze ukweli wote."

Kidoti aliandika. Mwanafunzi akajibu, "Asante. Nimekuwa nikikata kana kwamba mvaaji ataacha mikono chini, na uliposema niko sawa, nikaendelea hivyohivyo. Sasa nitaacha nafasi ya kuinua mikono." Akachora kipande cha kuongeza makwapani. Shangazi akakata na kushona, Kidoti akapiga pasi.

Dada alivaa tena, akainua mikono juu, kisha akamkumbatia Kidoti mpaka akakosa pumzi.

"Umeona, mwanangu?" Shangazi alisema. "Mwanafunzi anajifunza kwa kuyafikiria makosa yake, lakini haoni nguo ikiwa mwilini. Anakutegemea wewe. Ukimpenda anayejifunza, mwambie ukweli mapema, tena kwa upole."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Vizuri. Sasa nami nikwambie ukweli kwa upole: pasi yako imeacha mikunjo mgongoni. Rudia."

Kidoti alicheka, akairudia kazi yake.