Soma Kila Unachokiona, Shangazi

"Shangazi, sharti ni moja tu," nilimwambia. "Chochote utakachokiona kwenye skrini, kisome kwa sauti. Ukikwama, sema umekwama. Sisi hatutakusaidia wala kukukatiza."

"Hata nikiharibu?"

"Ukiharibu, kosa ni letu tuliobuni."

Shangazi, muuguzi mtunza stoo ya dawa, alivaa miwani na kuisogelea kompyuta ya mchumba wangu. Mimi na mchumba wangu tulikuwa tukibuni programu itakayomwezesha mtu kama yeye kupanga taarifa za zahanati mwenyewe: achore kisanduku cha dawa, achore cha mgonjwa, aviunganishe kwa mstari, pasipo kumwita mtaalamu. Harusi yetu ilikuwa mwezi uliofuata.

"Haya. Naona 'Dawa'. Naona 'Mgonjwa'. Navuta mstari... Kumbe inauliza! 'Mgonjwa mmoja anaweza kupewa dawa nyingi?' Anaweza, tena wengine hawazimezi!"

Tulicheka. Swali hilo, nililoliweka mahali pa alama za kitaalamu zilizowatisha watu, lilikuwa fahari yangu.

"Nabonyeza 'Ndiyo'. Eh, kimetokea kijisanduku pembeni. Nacho nikisome?"

Mchumba wangu aliinuka ghafla. "Hicho achana nacho, Shangazi!"

"Hatumkatizi," nikasema kwa ukali. "Kanuni ni kanuni. Soma, Shangazi."

Akasoma kwa sauti ileile anayoitia wagonjwa:

"'Mpenzi, Mwalimu wa Zamu hajashtuka? Nitumie na lile swali lake la mistari, tuzindue programu yetu kabla yake. Shati langu bado linanukia wewe.'"

Akavua miwani.

"Wanangu, na hiki nacho nikiunganishe na nini?"

Hakuna aliyecheka. Duniani ni mtu mmoja tu aliyeniita Mwalimu wa Zamu: rafiki yangu wa bweni, aliyelala kitanda cha juu yangu miaka yote ya shule. Sasa alikuwa mbunifu wa programu katika kampuni nyingine. Tena ndiye aliyekuwa awe msimamizi wangu wa harusi.

"Umempa michoro yote?" nikauliza.

"Nisikilize kwanza..."

"Nimeuliza swali."

"Ndiyo, yote!" Machozi yakamtoka. "Kila jioni ni visanduku na mistari! Mara ya mwisho kuniuliza nimeshindaje ni lini? Yeye aliniuliza."

"Ungeniambia hayo, ningejirekebisha. Hukuniambia. Ulikaa mezani pangu, ukala na shangazi yangu, ukabeba kazi yangu mkononi."

"Nampigia sasa hivi nimwambie aache. Naapa!"

"Mpigie. Weka spika."

Simu ikapokelewa upesi.

"Mpenzi, mbona kimya? Umeshalichomoa hilo swali?"

"Lipo hapa," nikajibu. "Nami nipo."

Sauti ikashuka.

"Kaka... naomba tuonane tuongee kiume."

"Kiume? Miaka ile ulipougua nilikubeba mgongoni hadi zahanati ya shule. Huo ndio ulikuwa uanaume wetu."

"Kaka, nisamehe. Harusi yako..."

"Harusi haijavunjwa. Ukumbi upo, wageni wamealikwa, na suti umeshaishona. Ivae. Ila usisimame pembeni. Simama mahali pa bwana harusi."

Nikaichukua simu ya mchumba wangu, nikaikata, nikamrudishia mkononi, nikamwomba Shangazi ahame kiti aje kwenye kompyuta yangu tuanze upya.