Breki za Kiti cha Mgonjwa

Kila asubuhi Pilipili alifagia uwanja, akachota maji, akanywa chai, na muda wote huo akimsema Kiranja kimoyomoyo. Jina la Pilipili alipewa na shangazi aliyemlea, na hakuna aliyeuliza sababu. Kiranja alikuwa msichana wa darasa lake. Alimsingizia kwa mwalimu kwamba ameiba majibu ya mtihani, Pilipili akaadhibiwa mbele ya shule nzima. Tangu hapo kinyongo kilimkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Siku ya usaili wa chuo cha uuguzi, shangazi alimnyoosha kola.

"Na yule mwenzio naye ameitwa?"

"Ameitwa, shangazi. Leo atanitambua."

"Mwanangu, unakwenda kutafuta chuo au unakwenda kutafuta mtu?"

Pilipili akashika njia.

Chuoni, alama zao zilikwisha kuangaliwa. Sasa walimu walitaka kuwaona waombaji wakifanya kazi, wawili wawili. Basi akapangwa na nani, kama si Kiranja huyohuyo! Mbele yao kulikuwa na kitanda, kiti cha magurudumu, na mwanasesere mzito kama mtu mzima.

"Huyu ni bibi aliyevunjika nyonga," alisema muuguzi mkuu aliyesimamia usaili. "Mtoeni kitandani, mumkalishe kitini."

Kiranja, mjuaji wa kila kitu, alikivuta kiti mbiombio, na kwa pupa yake akasahau kufunga breki. Pilipili aliona. Maneno yalimfika ulimini, akayameza. Na wewe uumbuke, alisema moyoni, uumbuke kama nilivyoumbuka mimi.

Wakamwinua mgonjwa. Kiti kikarudi nyuma, bibi akaanguka chini puu, kichwa kikitangulia. Kiranja akaangua kilio. Pilipili aliona raha tupu, raha aliyoingoja kwa miezi.

Lakini muuguzi mkuu hakuwa na habari na Kiranja.

"Wewe ulikuwa unalitazama gurudumu. Uliona breki haijafungwa?"

Pilipili angeweza kukana. Akamtazama yule bibi pale chini, kifudifudi, na raha yake ikamwishia.

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Alinisingizia wizi wa mtihani. Nilitaka na yeye aaibike."

Kiranja alifuta machozi kwa mkono wa sare. "Ni kweli, nilimsingizia. Niliogopa atanipita. Nitakwenda kwa mwalimu, nitamwambia mwenyewe."

"Uende kesho," alisema muuguzi mkuu. "Sasa mwinueni mgonjwa."

Safari hii Pilipili alizikanyaga breki kwa mguu wake, akakitikisa kiti, kisha akahesabu kwa sauti ili wanyanyue pamoja. Bado hakumtazama Kiranja usoni. Bibi akakaa vizuri.

"Kwa muhula huu hampati nafasi, wote wawili," alisema muuguzi mkuu. "Ombeni tena muhula ujao. Mmesema kweli, kwa hiyo mlango sijaufunga."

Kisha akamgeukia Pilipili, na sauti yake ikapoa.

"Hasira yako siilaumu, mwanangu. Ulidhulumiwa. Lakini alama zinatuambia nani ataweza masomo, basi. Hapa tunamtafuta mtu ambaye hata akipangwa zamu na adui yake, mgonjwa hatajua kama wana ugomvi."