Mkono Begani kwa Mama

Vumbi lilirudi palepale. Mzee Kamera, mpiga picha aliyestaafu, alilipuliza kwenye negativu, filamu ya picha ya zamani, kwa pampu yake ya mpira, akaiskani tena, na kwenye kompyuta kikatokea kilekile kidoa cheupe, begani kwa marehemu mkewe.

Binti yake, aliyeolewa mbali, alikuwa ameomba picha moja safi ya mama yake, na negativu iliyosalia ilikuwa hiyo tu. Tangu msiba, mzee alikuwa akizungumza hata na masufuria, sembuse vumbi. Akacheka. "Umerudi? Haya, karibu, kaa."

Mdomo uliponza kichwa. Alipoiskani mara nyingine, kidoa kilikuwa kimetanuka. Kumbe si vumbi, alijiambia, ni alama ya maji yaliyokaukia kwenye filamu, na dawa yake ni kuiosha upya. Akaiosha, akaitundika bafuni kwa kibanio, akakaa sebuleni kusubiri. Tone likadondoka. Likafuata jingine, na jingine, na hata filamu ilipokauka kau matone hayakukoma, yakatoka bafuni, yakaja koridoni polepole kama mtu mwenye miguu iliyolowa anayetafuta chumba alichoambiwa akae, na harufu ya vumbi lililonyeshewa ikajaa nyumba nzima ilhali nje jua lilikuwa linawaka.

Akaiskani tena. Alama sasa ilikuwa na vidole. Akamtumia binti yake picha hiyo, naye akapiga simu papo hapo.

"Baba," alinong'ona, "huu mkono begani kwa mama ni wa nani?"

"Ni maji tu, mwanangu."

"Na huyo anayepumua hapo?"

"Niko peke yangu."

"Baba, ulimkaribisha mtu?"

"Nilikuwa natania tu."

"Basi mwambie atoke! Wewe ndiye uliyemkaribisha, hatamsikia mwingine. Sema sasa hivi."

Akafungua kinywa. Hapo kitu kibichi, cha baridi, kikatua begani kwake, kidole baada ya kidole. Aliogopa. Lakini tangu amzike mkewe hakuna aliyemshika bega, na mkono ule haukubana, ulitulia tu. Upweke ulimuuma kuliko hofu.

"Baba? Umemwambia?"

"Nimemwambia," alidanganya. Akakata simu, akavuta kiti cha pili karibu na chake, akakipangusa vumbi.