Valvu Nne za Kasimiri

Mwaka 1992 soko la Sumbawanga lilifurika redio za plastiki. Waheshimiwa wale wale waliotuhubiria kujitegemea ndio waliotangulia kuzinunua. Sijasahau hata sura moja. Katikati ya makelele hayo Minza, binti wa wafugaji wa kijiji cha Kate, gauni la njano, raba nyeupe, gita mgongoni, alikuwa akichagua ampilifaya ya kigeni.

"Dada, hiyo itakukoholea jukwaani."

Akageuka. Alikuwa Kasimiri, fundi redio wa kibanda cha pili, shati limetobolewa na matone ya risasi ya kulehemu. Akamwonyesha ampilifaya aliyoitengeneza mwenyewe, sanduku la mninga. Ndani, valvu nne za kioo, kama balbu ndogo, za redio za zamani. Akaliunganisha na spika, akawasha. Kimya.

"Mbona halisemi?"

"Subiri lichemke."

"Kwani ni ugali?"

Valvu zikaiva rangi ya chungwa. Minza akachomeka gita, akagusa uzi mmoja na soko zima likageuza shingo.

"Weee, fundi! Umeweka asali humu?"

"Nimeweka miaka mitatu. Ukitaka, naongeza na moyo."

"Muone!" Lakini wiki mbili hazikupita, walikuwa wakiitana mpenzi.

Ikaja dansi la Jumapili mjini Namanyere. Kama Minza angepiga vizuri, bendi ya huko ingemchukua. Kasimiri akamwazima sanduku. "Liwashe mapema, mpenzi, lipate moto."

Jumamosi simu ya duka la jirani ikalia.

"Kasimiri, limekufa! Limetoa moshi!"

"Umelifanya nini?"

"Mheshimiwa mmoja kaazima spika kwa mkutano wake. Mimi nikawasha lipate moto, kama ulivyosema. Nikapiga uzi kujaribu..."

"Bila spika? Umeunguza transfoma! Miaka mitatu, Minza, kwa ajili ya mheshimiwa!"

"Basi kaoe sanduku lako!" Akakata.

Kasimiri alizunguka kibanda akifoka. Kisha akasimama. Kuwasha mapema alimfundisha; kwamba valvu zikipigwa bila spika huunguza transfoma, hakumwambia. Na madukani transfoma ile haipo tena. Ilibaki moja, ndani ya redio ya marehemu baba yake, ile aliyomsimulia Minza, iliyonunuliwa kwa magunia ya ulezi, iliyowasomea Azimio la kujitegemea sebuleni. Nyumbani kwao hakuna aliyeruhusiwa hata kuipangusa. Kasimiri akaifungua, akaing'oa transfoma.

Jumapili mchana akashuka Namanyere kwenye lori la mahindi, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Umekuja kunitukana ana kwa ana?" Minza alimpokea.

"Nimekuja kuunganisha. Kosa ni langu, sikukwambia. Spika imerudi?"

"Imerudi." Akaona transfoma mkononi mwake, sauti ikalegea. "Kasimiri, hiyo si ya redio ya mzee?"

"Mzee amekaa kimya vya kutosha."

Akaunganisha, na watu walipojaa akawasha. Ukumbi mzima ukakodoa macho. Valvu bado nyeusi.

"Minza, utakubali nikuoe?"

"Subiri lichemke."

Zikawaka. Minza akapiga, mabati yakatetemeka, watu wakarukia uwanjani kwa vifijo. Katikati ya wimbo akamwinamia fundi wake sikioni.

"Limechemka. Lete posa Kate. Na uje na ng'ombe, baba hapokei valvu."