Betri Moja Moja

Kitufe cha saba kilikuwa kimekwama, na muuzaji wa kalkuleta ile kuukuu alikuwa tayari amegeukia wateja wengine. Korido ya maduka ya vifaa vya umeme ilifurika watu. Redio nne zilipiga nyimbo nne. Mwanamke mrefu, mwenye kizibao cha usalama cha rangi ya chungwa na buti zenye tope kavu, alisimama katikati ya msukumano akikibonyeza kitufe kwa nguvu zote.

“Dada, hicho ni kitufe, si kengele ya mlango.”

Aliyesema alikuwa fundi saa, ameketi nyuma ya meza ndogo kati ya maduka mawili, shati jeupe limenyooshwa vizuri, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni.

“Utaweza kukitengeneza?”

“Mimi ni wa saa. Ila uchafu ni uchafu. Lete.” Akaifungua. “Na hii inafanya nini?”

“Inachora grafu. Na inanitisha.”

“Haijamng’ata mtu.”

“Hujaiona ikikuandikia kwamba umekosea.”

Mwanamke hakuwa akitania. Kwa miaka mingi alikuwa amewashikia wapima ardhi fimbo ya vipimo, wao wakichungulia kwenye darubini na kuandika namba. Kwa vile alisimama wima bila kutikisika, walimwita Mlingoti. Sasa alitaka kuwa yeye anayechungulia. Chuo cha upimaji kilipokea watu kwa mtihani, na umri wake ulimruhusu kujaribu mara moja tu. Akianguka, atarudi kwenye fimbo hadi mgongo umkatae. Hesabu alizijua kwenye karatasi. Mtihani ulitaka mashine, na kila alipoishika, vidole vilikufa ganzi.

Kesho yake alirudi kwa kisingizio cha kitufe kingine. Baadaye visingizio vikaisha, naye akaendelea kurudi. Kalkuleta ilikuja bila maelekezo, kwa hiyo walijifunza kwa kupapasa.

“Andika arobaini kutoa eksi kipeo cha pili,” Fundi alimwambia, akisoma kwenye kitabu cha mazoezi cha Mlingoti. “Sasa bonyeza grafu.”

Vijiti viwili vilitokea pembeni mwa skrini. Katikati patupu.

“Imeharibika,” alisema Mlingoti.

“Tulia. Skrini inaishia kumi kwenda juu, kilima chako kinafika arobaini. Tunaona miguu, kichwa kimekatwa. Kama wewe mlangoni usipoinama.”

“Nitakupiga.”

“Utanipiga baadaye, mpenzi. Kwanza pandisha mpaka hamsini.”

Neno lile lilimtoka bila ruhusa, na hakuna aliyelirudisha. Akapandisha. Mchoro ukasimama wote, mviringo, mzima. Wakakitembeza kidoa kidogo kwa vitufe vya mishale hadi kileleni, na mashine ikasoma arobaini. Mchoro huo wakauita “kilima chetu”, wakauacha kwenye kumbukumbu ya mashine.

Shangazi, aliyemlea Mlingoti, hakuhitaji maelezo. “Fundi saa anayefundisha hesabu! Mwanangu, huyo anahesabu hatua za kufika mlangoni kwangu.”

Lakini chuo kilikuwa katika mji mwingine, masomo ya miaka miwili, na kila walichojifunza kilimsogeza Mlingoti mbali na meza ile. Siku moja skrini ilipoanza kufifia, Fundi alisema, “Wakati mwingine natamani mashine hii ife kabisa, ubaki.” Wakacheka wote wawili. Kisha akabadilisha betri. Alizitoa zote, nne kubwa na ile ndogo bapa kama kifungo, akazipanga juu ya kitambaa, akasafisha ndani, akatia mpya. Ndivyo fundi saa anavyofanya: hutoa kila kitu kwanza.

Wiki hiyo mkuu wa wapimaji kazini aliwapa waombaji jaribio la mazoezi. Alipoisoma karatasi ya Mlingoti, aliinua nyusi.

“Kwa hesabu yako, kilima cha swali hili kiko chini ya ardhi.” Akaichukua kalkuleta. “Sine ya thelathini ni nusu. Yako inasema hasi sifuri nukta tisa nane nane. Inapima pembe kwa rediani, wewe unapima kwa nyuzi. Unabadilishia hapa. Nani ameigusa?”

Mlingoti aliichukua mashine, akafungua kumbukumbu. Akakitafuta “kilima chetu”. Skrini ilikuwa tupu. Aliyeigusa alikuwa mtu mmoja tu.

“Mlingoti wangu!” Fundi alipokea simu kabla haijaita mara mbili. “Jaribio limekwendaje?”

“Ulitaka ife.”

“Nini?”

“Umeichezea. Hata kilima umekifuta. Ungeniambia tu usoni, ‘Usiende.’”

“Nimetia betri. Naapa, betri tu.”

“Betri zinabadilishaje nyuzi?”

Fundi hakuijua mashine kiasi cha kujitetea. Mlingoti naye hakuijua kiasi cha kumshtaki, ila hilo hakulijua pia. Akakata simu. Fundi alipopiga, ikaita mpaka ikachoka, na baada ya siku chache akaacha kupiga.

Asubuhi ya mtihani chai ilipoa kikombeni.

“Kunywa,” Shangazi alisema. “Hofu haishibishi.”

“Nikianguka je?”

“Utaanguka umekunywa chai.”

Ukumbi wa mtihani ulikuwa na dari la juu, na viti viligunaguna. Msimamizi, mwanamke mwenye viatu visivyo na sauti, alipita meza kwa meza.

“Kalkuleta zote nazifuta kumbukumbu, mtu asije na majibu humo. Msinililie. Ni sawa na kutoa betri zote kwa pamoja: inarudi kama ilivyotoka kiwandani.”

Akabonyeza, akapita. Mlingoti aliitazama skrini tupu. Akaandika sine ya thelathini.

Hasi sifuri nukta tisa nane nane.

Akilini akakiona kitambaa cha Fundi na betri tano juu yake. Hakuna aliyeichezea. Na yeye alikuwa amemhukumu mtu asiye na kosa, mtu aliyekwisha kuacha kumpigia simu. Pembeni kalamu zilikuwa zimeanza kukwaruza. Hofu zilikuwa mbili, na mkononi alikuwa na dawa ya moja. Akafungua mipangilio, akachagua nyuzi, akauliza tena. Nusu. Akaanza kuandika.

Alipotoka alimpigia Fundi simu akiwa bado mlangoni. Iliita sana.

“Haloo.”

“Ulitoa betri ngapi?”

“Zote. Ndivyo ninavyofanya.”

“Zikitoka zote kwa pamoja, inasahau kila kitu. Nimeona leo kwa macho yangu. Nisamehe.”

“Kwa hiyo ni mimi niliyekuangusha.”

“Ni wewe. Lakini hukutaka.”

“Kuna siku nilitaka. Nisikudanganye. Ila mkono wangu haukukusudia.”

“Najua. Nadhani nimefaulu.”

“Basi unaondoka.”

“Naondoka. Na naogopa kuliko asubuhi. Betri zitaisha huko.”

“Huko hakuna mafundi?”

“Wapo. Siwataki.”

“Nikija kwa Shangazi kukuposa, utanifungulia mlango?”

“Nitakufungulia. Kuinama nitainama mwenyewe.”

“Basi kila zikiisha nitakuja. Na safari hii nitazitoa moja moja.”

Miaka yote ile hakuna aliyemwona Mlingoti akitikisika. Sasa aliitafuta ngazi kwa mkono, akaketi.