Kijiwe Ndani ya Ufunguo

Siku za likizo, kazi ya kwanza ya Chungulia kila asubuhi ilikuwa kufagia karakana ya mama yake. Mama alikuwa seremala, na vumbi la mbao lilitua kila mahali, hata ndani ya birika la chai. Msichana huyo wa darasa la sita alilijaza kwenye magunia, na jirani yao mfuga kuku akaja kuyachukua atandike bandani. Jina la Chungulia alipewa na mjomba wake, kwa sababu kitu chenye kifuniko hakikupita mbele yake bila kufunguliwa.

Likizo hiyo karakana ilijaa madawati arobaini. Yalikuwa ya watoto wa darasa la kwanza, ambao muhula mzima walikuwa wameketi sakafuni. Shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu ya wiki iliyofuata, na Mama alikuwa ameahidi kuyafikisha kabla ya kengele ya kwanza.

Tatizo lilikuwa pikapu yake. Bodi ilikuwa nzima, lakini injini ilikuwa imekufa kabisa. Mjomba, ambaye ni makanika, alinunua gari dogo lililogongwa kutoka kwa mwalimu mstaafu. Aling'oa injini yake pamoja na nyaya, kompyuta na swichi ya ufunguo, akaanza kuvihamishia kwenye pikapu. Ufunguo alimkabidhi Chungulia.

"Uweke kwenye droo," alimwambia. "Na huu usiuchungulie."

Jumapili, Chungulia aliuchungulia. Alitaka tu kuona kitufe cha pembeni ya ufunguo kinavyofanya kazi. Alipobandua kichwa cha ufunguo kwa bisibisi, kijiwe cheusi, kidogo kama punje ya mchele, kikaruka na kupotelea kwenye vumbi la mbao. Alipapasa chini ya meza, hakukiona. Aliposikia hatua za Mjomba, alikigandisha kichwa kwa gundi, akarudisha ufunguo kwenye droo na kushika ufagio. Alijifariji kwamba kitu kidogo namna ile hakiwezi kuwa na kazi kubwa.

Jumatatu injini ilikuwa tayari. Mjomba alizungusha ufunguo. Injini ikanguruma, Mama akapiga makofi, na kabla makofi hayajaisha ikazima. Akajaribu tena; ikawaka kwa sekunde mbili, ikazima. Kwenye dashibodi taa ndogo yenye picha ya ufunguo ilikuwa ikimetameta.

Mjomba alibadilisha plagi. Akasafisha pampu ya mafuta. Akafuatilia nyaya moja moja mpaka macho yakawa mekundu. Siku nne zikaenda hivyo. Kila aliposema, "Sijui nimekosea wapi," Chungulia alimsogezea tochi karibu zaidi, lakini hakukiri.

Ijumaa Mjomba alimwita fundi umeme wa magari, mama mmoja mfupi mwenye sauti nzito ambaye mafundi wenzake walimwita Bi Fyuzi. Aliposikia habari ya taa ya ufunguo, kabla hata hajaweka mkoba wake chini, alidai karatasi.

"Kadi ya pikapu, na hati ya kununulia lile gari dogo," alisema. "Kuruka ulinzi wa gari ni kama kufungua kitasa. Ukimfungulia mwenye nyumba umemsaidia. Ukimfungulia mwingine, umeiba naye."

Alizisoma zote mbili kwa utulivu, kisha akachomeka mashine yake ya kupimia.

"Injini haiumwi," alisema baada ya muda. "Ina mlinzi. Kiwandani waliiwekea ulinzi wa wezi. Ndani ya ufunguo halali kuna kijiwe chenye namba ya siri, na pete iliyozunguka swichi hukisoma. Pete isipokiona kijiwe, kompyuta inakata mafuta. Ufunguo huu hauna kitu ndani."

"Sasa tufanyeje?" Mama aliuliza.

"Kompyuta itabidi niipeleke kwa mtaalamu aufute huo ulinzi. Wiki mbili."

Mama aliyatazama madawati. Mjomba yeye alitoa simu, akampigia mwalimu mstaafu.

"Mzee, umeniuzia ufunguo wa kuchongesha," alisema kwa ukali.

"Huo ndio nilioutumia miaka tisa, mwanangu," sauti ya mzee ilijibu taratibu.

"Una mvi kichwani na bado unadanganya watu," Mjomba alisema, akakata.

Chungulia alisimama kando ya pikapu. Kuogopa kugombezwa ni jambo moja; kusikia mzee asiye na kosa akitukanwa kwa ajili yake ni jambo jingine.

"Mjomba, hajadanganya," alisema. "Ni mimi. Niliufungua ufunguo Jumapili. Kijiwe kikaanguka, nikakifagia."

Mjomba alikaa juu ya tairi.

"Siku nne," alisema hatimaye. "Siku nne nalala chini ya gari, na wewe unanishikia tochi."

"Nitakitafuta kwenye vumbi lililokwenda kwa kuku," Chungulia alisema. "Mpaka nikipate."

"Ndani ya vumbi? Kwa kuku?" Bi Fyuzi alicheka. "Ukikipata, pikapu hii inawaka kesho."

Chungulia alichukua chekecheo la jikoni, akaenda kwa mfuga kuku. Gunia moja lilikuwa limeshatandikwa bandani. Mawili yalikuwa bado yamefungwa. Alianza na hayo mawili, akichekecha konzi moja baada ya nyingine. Gunia la kwanza lilimpa misumari sita na kipande cha penseli. Vumbi lilimwingia puani, mgongo ukauma, akaendelea. Mama alikuja bila kuitwa, akakaa upande wa pili na chekecheo lingine.

"Kama kuku wamekimeza je?" Chungulia aliuliza.

"Basi tutamchomeka kuku kwenye swichi," Mama alijibu.

Jumamosi mchana, katikati ya gunia la pili, kijiwe cheusi kilibaki juu ya chekecheo.

Bi Fyuzi alikifunga kwa utepe wa umeme, akakigandisha kando ya ile pete, nyuma ya usukani, ili kisomeke siku zote bila kupotea tena. Kwa kuwa sasa mlinzi wa kiwandani alikuwa amelazwa, aliongeza swichi ya siri ambayo Mama peke yake alionyeshwa. Kisha Mjomba akazungusha ufunguo. Injini ikawaka, na dakika kumi baadaye ilikuwa ingali inanguruma.

Jumapili pikapu ilienda shule mara nne, na madawati yote arobaini yakafika. Safari ya mwisho ilipokwisha, Mama alimketisha Chungulia kwenye dawati moja, naye akakaa pembeni yake.

"Kuchungulia si dhambi," alisema. "Mafundi wote tulianza hivyo. Lakini ulikatazwa, kisha ukaficha. Ungesema Jumapili ile ile, tungetafuta chini ya meza kwa nusu saa. Uliponyamaza, kosa likakua mpaka likamfikia mtu asiyekujua. Kitu kikikuharibikia mikononi, sema kingali kidogo."

"Nimesikia, Mama."

Mjomba alikuwa mlangoni mwa darasa, amevaa shati safi.

"Na mimi nilitukana kabla ya kuuliza," alisema. "Twende kwa yule mwalimu, Chungulia. Tukaombe radhi sote wawili."

Chungulia alishuka kwenye dawati, akaenda kunawa uso.