Mtungi wa Nyiramana

Mwizi alichukua mtungi mmoja na kuacha mwingine mahali pake.

Inspekta Faradji aliinama akaugonga kwa kidole ule ulioachwa. Ulilia vizuri. Ulikuwa mpya kabisa, bado una majivu ya kuchomewa. Nyuma yake wateja wa asubuhi walijazana uani wamenuna, maana siku hiyo hapakuwa na cha kunywa. Ilikuwa Julai 1957, mtama umetoka kuvunwa, na nyumba ya Mukarugwiza, kando ya barabara inayopanda kwenda Nyundo, ilijulikana Gisenyi nzima kwa pombe yake.

Faradji alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Waswahili, na pombe hakuwahi kuitia mdomoni. Kamishna alimtuma yeye makusudi. Angalau huyu asingerudi ofisini akiyumba.

"Vitu gani vingine vimeibwa?"

"Hakuna," alisema Mukarugwiza. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mrefu, macho yamevimba kwa kulia.

"Kuna mitungi minne mizuri hapa ukutani. Hakuigusa?"

"Aliacha yote. Amebeba ile ya zamani tu. Ile ya mama."

"Ilikuwa na pombe?"

"Hapana. Watu waliimaliza jana. Ilibaki mashapo."

"Basi umeibiwa mtungi mkuukuu, mtupu, ukaachiwa mpya. Kwa hesabu yangu wewe ndiye uliyefaidika."

Msichana hakucheka. Faradji aliuonea aibu utani wake.

"Bwana Inspekta, we haunywe, hauwezi kujua," Mukarugwiza alisema. "Pombe ya mutama haichachi yenyewe. Chachu inakaa mu ile mashapo, inaingia mpaka mu udongo. Donc, ndiyo maana ile mutungi haioshwe. Mama hakuiosha, na mama yake hakuiosha. Sasa mama amekufa, ni miaka mbili. Sina picha yake. Sauti yake imeanza kunipotea. Lakini asubuhi nikiingiza kichwa mu ile mutungi, nasikia harufu ya mikono yake. Hapo najua alikuwako."

Faradji aliandika kwenye daftari: mtungi mmoja, mkuukuu. Aliona maneno hayo hayatoshi, lakini fomu ya polisi haikuwa na nafasi zaidi. Yeye mwenyewe alimzika mama yake akiwa mdogo, na hakuwa na hata mtungi.

Alizunguka nyuma ya nyumba kukagua eneo la tukio. Udongo mweusi wa volkano ulikuwa na unyevu, na nyayo zilionekana wazi: viatu vizito, soli zenye misumari. Wengi wa watu wa hapa walitembea peku. Viatu vile vilivaliwa na askari, na wanaume waliorudi kutoka migodi ya Katanga.

Aliubeba mtungi mpya mwenyewe mpaka sokoni. Watu walimtazama, wengine wakamuuliza kama ameacha dini. Aliendelea kutembea.

Bimenyimana mfinyanzi aliutambua kabla haujashushwa chini.

"Hii ni ya kwangu. Angalia hapa mu shingo, alama ya gumba. Kila mutungi natia."

"Ulimuuzia nani?"

"Mutu mumoja wa viatu vya mugodi. Hii ni mutungi yake ya ine. Kila mwezi anakuja kununua. Anasema ile ya mbele haikutoa kitu."

"Hukumuuliza lolote?"

"Nilimuuliza: we mwanaume, unapika pombe ya mutama, bibi yako iko wapi? Akaangalia chini. Akabeba mutungi yake, akaenda."

Swali la mfinyanzi lilikuwa la haki. Katika nchi hii pombe ya ndizi ni kazi ya wanaume: wao huzikanyaga ndizi ndani ya muvure, ule mtumbwi wa mti, kisha huusugua muvure mpaka ung'ae. Pombe ya mtama ni ya wanawake, kuanzia kimea mpaka mtungi. Mwanaume anayejinunulia vyombo vya mtama lazima asemwe soko zima.

Na soko zima lilikuwa limemsema. Mukankusi, mama mnene aliyeuza kimea, mamera kama wanavyokiita hapa, kwenye kona ya wauza nafaka, alianza kueleza kabla ya kuulizwa.

"Yule wa viatu? Alichukua kwangu mamera, kichujio, mwiko ya murefu, yote kama bibi harusi. Kwanza alikataa mamera yangu. Alitaka yenye imekauka juu ya mawe ya volkano, si juu ya mukeka. Nikashangaa. Marehemu Nyiramana tu ndiye alikuwa anaomba vile."

"Nyiramana, mama yake Mukarugwiza?"

"Huyo. Bon, nikamutafutia. Nikamufundisha: loweka siku mbili, funika na majani ya ndizi mpaka iote, anika, saga. Akarudi, anasema haikutoka. Nikamuuzia tena. Haikutoka. Mara ya tatu alisimama hapo wewe uko, mutu muzima, machozi iko karibu. Anasema, mama, nimenunua kila kitu chenye yeye alikuwa ananunua, nimefanya yote, mbona haiko yeye?"

"Ukamjibu nini?"

Mkono wa Mukankusi uliokuwa ukichota kimea ulibaki kikapuni.

"Nilicheka tu, Bwana Inspekta. Nilimuambia aache kuharibu mamera yangu. Nikasema ile utamu haiko mu kikapo ya mutu, iko mu mutungi ya zamani ya yule mutoto wa kike."

"Lini?"

"Juzi, siku ya soko kubwa."

Makazi ya mtuhumiwa hayakuhitaji upelelezi. Wiki iliyopita jirani yake Faradji, Saidati, mjane aliyepangisha vyumba, alikuja kituoni kulalamika kwamba mpangaji wake, mpakiaji wa mizigo kwenye meli za ziwa, anamnukishia nyumba pombe wakati yeye anaswali. Faradji alikuwa amemwahidi kushughulikia. Hakushughulikia.

"Umechelewa, lakini umekuja," Saidati alisema, akamwonyesha mlango wa uani.

Mtungi ulikuwa pale nje. Umefunikwa kifudifudi juani, juu ya mchanga, na kando yake kipande cha sabuni na kitambaa cha gunia. Ulikuwa umesuguliwa ndani na nje mpaka udongo ukabadilika rangi. Faradji aliutazama kwa muda, na roho ikamuuma. Kupata mali iliyoibwa siku ileile ni jambo la kumfurahisha askari. Leo hakufurahi.

Mpangaji alitoka ndani akiwa na viatu vyake vya misumari. Alikuwa na mvi, na mkono wa kushoto umepinda. Hakukimbia.

Kituoni Faradji alimkalisha mbele ya meza, mtungi katikati yao, kisha akatuma askari amwite Mukarugwiza aje kuutambua.

"Jina?"

"Nzeyimana."

"Kabla ya meli ulifanya kazi wapi?"

"Mugodi. Katanga."

"Muda gani?"

"Miaka kumi na tatu. Nimerudi mwaka jana."

"Mtungi huu umeutoa wapi?"

"Nimenunua ku soko."

"Kwa nani?"

"Kwa Bimenyimana."

"Bimenyimana hutia alama ya gumba kwenye shingo. Nionyeshe."

Nzeyimana hakuinua mkono.

"Umeiba, ukaacha mpya mahali pake. Mwizi gani analipa?"

Nzeyimana alitazama viatu vyake.

"Basi niambie hili tu. Kwa nini umeuosha?"

Mtu yule aliinua macho kwa mshangao wa kweli. "Ilikuwa muchafu. Mashapo imeshikana mpaka chini."

"Nani alikufundisha kupika?"

"Baba."

"Pombe ya ndizi."

"Ndiyo. Muvure isipooshwa vizuri, pombe inaharibika. Kila mutu anajua."

"Na ya mtama?"

"Ile ni kazi ya wanawake. Sijawahi kuangalia."

"Mtungi wa mtama hauoshwi," Faradji alisema taratibu. "Chachu ilikuwa kwenye yale mashapo. Ulichokuwa unakitafuta ndicho ulichokisugua kwa sabuni."

Nzeyimana aliutazama mtungi, halafu viganja vyake.

"Imeisha yote?"

"Yote."

Baada ya hapo hakuhitaji kusukumwa. Alikiri mwenyewe, polepole, na karani wa kituo akaandika.

"Nyiramana ni bibi yangu wa ndoa. Mukarugwiza ni mutoto yangu, nilimuacha iko na miaka ine. Nilisaini kazi ya miaka tatu tu. Ikaisha, nikasaini tena. Nikapata mwanamuke mwingine kule, nikaona haya kuandika barua. Yule mwanamuke akaniacha. Kisha mukono ikavunjika, wakasema rudi kwenu. Kule walikuwa wanatupatia bia ya chupa. Nilikunywa, lakini kila Jumapili nilikuwa natafuta mu mudomo ladha ya Nyiramana, ile yenye iko na moshi kidogo. Nilirudi sababu yake. Nikafika, wakaniambia amekufa. Nikakaa pale ku mukeka na wateja wengine, mutoto yangu akaniletea pombe. Nikavuta murija. Ilikuwa yeye, Bwana Inspekta. Yeye mwenyewe."

"Kwa nini hukumwambia msichana wewe ni nani?"

"Angeniuliza swali moja."

"Swali gani?"

Nzeyimana aligeuzia macho mtungi. "Nikasema nitapika mu chumba yangu, nisimusumbue. Nilitaka kukaa na Nyiramana kidogo, sisi wawili tu. Basi."

Faradji alipoinua kichwa alimwona Mukarugwiza mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Msichana aliingia bila kusalimu, akashika mtungi kwa mikono miwili, akaingiza kichwa ndani. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipotoa uso ulikuwa umelowa.

"Inanuka sabuni," alisema. Halafu akamgeukia yule mtu. "Mbona haukurudi?"

Nzeyimana alifumba macho. "Niliona haya, mutoto yangu. Mwaka wa kwanza ilikuwa kidogo. Kila mwaka ikazidi."

"Mama hakukuonea haya. Kila mavuno alipika mutungi moja, akasema: hii ni ya baba yako, iko njiani, mutu asionje. Siku ya tatu inafika, pombe iko tayari, haiwezi kungoja tena. Anatoka ku njia, anaangalia, anarudi. Ndipo anaita majirani wakunywe. Wakaipenda, wakaanza kulipa. Biashara yetu ilianzia pale. Kila pombe yenye ulikunywa kwetu na ukalipa ilikuwa ya kwako."

Nzeyimana alijifunika uso kwa mkono wake mzima. Mkono uliopinda haukufika juu.

Faradji alichovya kalamu kwenye wino. "Binti, unaweza kumshtaki, aende gerezani. Au naandika mali imepatikana na mlalamikaji ameridhika. Uamuzi ni wako."

Mukarugwiza alipitisha kiganja kwenye shingo ya mtungi.

"Mutungi tupu inaweza kushika chachu tena," alisema. "Inaombwa kidogo kwa mwanamuke mwingine, inapikwa. Mara ya kwanza pombe inatoka mubaya. Unapika tena, na tena. Inataka mutu wa kusaga mamera kila wiki, asichoke."

"Na nani atasaga?"

Alimwonyesha Nzeyimana kwa kidevu.

Karani aliguna. Mwanaume apige magoti kwenye jiwe la kusagia, mbele ya wateja? Hata Faradji alingoja mtu yule akatae. Nzeyimana alijifuta uso, akaitazama mikono yake.

"Nitasaga," alisema. "Itachukua miaka ngapi?"

"Mama alikungoja kumi na mbili," Mukarugwiza alisema. "Tuanzie hapo."